Mtambo wa Makofi wa Jamhuri ya Heko

Jamhuri ya Heko haionekani kwenye ramani yoyote, kwa sababu fundi aliyepewa zabuni ya kuichora alipokea malipo ya awali akaenda kuoa. Lakini ipo. Ina wimbo, ina bendera, ina mawaziri wengi kuliko madaraja, na wakati wa mambo yanayosimuliwa hapa haikuwa na umeme hata wa kuchaji simu. Mto ulikuwa umekauka. Bwawa la taifa lilikuwa limegeuka kiwanja cha mpira, na timu ya Wizara ya Maji ndiyo iliyokuwa ikiongoza ligi.

Katika giza hilo akatokea Profesa Lumbwi.

Profesa wa chuo gani? Swali hilo liliulizwa mara moja tu, na aliyeliuliza akahamishiwa kisiwa kisichofikiwa na boti. Profesa alivaa koti jeupe la daktari na miwani mbili, moja ya kutazamia watu na nyingine, aliyoipandisha kipajini, ya kutazamia wakati ujao. Aliitwa Bungeni. Akaweka mezani sanduku la bati lenye glopu moja juu yake, akakohoa kisomi.

"Waheshimiwa," alisema, "mto wetu umekauka. Makaa yetu yamechimbwa na wageni. Jua letu limo katika mkataba ambao hatujaruhusiwa kuusoma. Lakini niambieni: ni lini makofi yamewahi kukauka katika nchi hii?"

Wabunge wakapiga makofi, kwa mazoea. Glopu ikawaka.

Wakashangaa, wakanyamaza. Glopu ikazimika. Wakapiga tena, ikawaka tena. Mzee mmoja wa viti vya nyuma akalia machozi, akisema ameyapoteza makofi ya miaka yake yote ya ubunge bure kabisa, bila kuwasha hata jiko. Waya mnene ulitoka kwenye lile sanduku, ukapita chini ya zulia jipya, ukaelekea chumba cha nyuma ambako kitu kilikuwa kikinguruma. Mbunge mgeni akauliza ni nini kinachonguruma. Spika akamjibu kwamba kinachonguruma ni maendeleo, na akae chini.

Jioni ile ile ikaundwa Wizara ya Uvumbuzi na Mambo Yasiyowahi Kutokea, ikapewa Mheshimiwa Chambuso. Na kwa mlango wa Chambuso ndipo balaa lilipoingia Mkongeni, kwa Sikudhani.

*

Wenye kusahau wamesahau. Mkongeni hawajasahau, kwa hiyo acha isemwe ilivyokuwa.

Mkongeni ni mji mdogo uliozaliwa na shamba la mkonge. Shamba lilipokufa, mwenye shamba alifunga virago ili aondoke bila kuwalipa wakata mkonge. Wanawake wakamlalia langoni. Walilala pale na watoto mgongoni, mvua ikiwanyeshea, mpaka yule bwana alipoona gari lake haliwezi kutoka bila kupita juu ya watu na waandishi wa habari wamefika. Akawaachia mashine ya kusaga ya shamba badala ya ujira wao. Wakaiandika ubavuni kwa rangi nyekundu: JASHO LETU. Wakaunda ushirika, wakamchagua Sikudhani kuwa mwenyekiti. Mashine ile walikuwa wakiipangusa kama mtoto aliyetoka kuoga, na jioni wakiifunika kwa kanga ili vumbi lisiikohoze. Unga wa mji mzima ulitoka tumboni mwake, na ada za shule pia.

Aliyewaandikia wanawake wale madai yao alikuwa karani wa shamba, kijana mwembamba mwenye shati moja. Ndiye Chambuso. Wakati ule kila mtu alikuwa Ndugu, na yeye alikuwa Ndugu Chambuso. Askari walipomsaka, Sikudhani alimficha mvunguni mwa kitanda chake, akakaa mlangoni akichambua mchele.

"Yuko wapi?" askari akauliza.

"Nani?"

Akapigwa kofi la sikio la kushoto. Akaulizwa tena, akauliza tena nani. Tangu siku hiyo sikio lile halisikii kitu ila mvumo, kama redio iliyokosa stesheni. Askari walipoondoka Chambuso alitoka mvunguni ana utando wa buibui kichwani, akampigia magoti.

"Dada," alilia, "kofi lile lilikuwa langu."

Baadaye akina Ndugu walikwenda mjini wakarudi Waheshimiwa, na hawakumwambia mtu walikouzika udugu njiani.

Sasa Mheshimiwa Chambuso akarudi Mkongeni kwa msafara wa magari, shingo imenenepa, akiwa na Profesa Lumbwi kando yake. Wanaushirika wakakusanyika mbele ya banda la mashine.

"Mtambo wa Taifa uko tayari," alisema waziri. "Unangoja wawekezaji wazalendo. Watu wa nchi za nje wamenipigia magoti wawekeze, nimewaambia ngojeni, kwanza mama zangu wa Mkongeni."

"Tuwekeze nini, baba, na sisi hatuna kitu?" akauliza Mashavu, mweka hazina wa ushirika, mwanamke ambaye ulimi wake haujawahi kupata likizo.

Profesa akashusha miwani ya wakati ujao. "Mtambo wa makofi, mama, huhitaji kitu kidogo cha kuyastua makofi mwanzoni. Kitaalamu kinaitwa kistua-makofi. Nimeangalia mashine yenu hii. Inafaa."

"Na hicho kistua-makofi kinakunywa nini?"

"Kinakunywa... kioevu cha awali."

"Dizeli," akasema Mashavu, na wanawake wakacheka mpaka dereva wa waziri akajisahau akacheka nao. "Baba Profesa, mimi mume wangu hupiga makofi kila jioni pale kitandani. Wanaokufa ni mbu. Taa sijaiona."

Chambuso hakukasirika. Alimgeukia Sikudhani peke yake, akashusha sauti ile ile ya zamani, ya kijana mwenye shati moja. "Dada, kabla mahindi ya msimu huu hayajakauka shambani, mashine itakuwa imerudi hapa, na umeme juu yake. Mtasaga kwa kupiga vigelegele. Nimewahi kukudanganya?"

Sikudhani akasimama. "Jamani, huyu si mheshimiwa wa kumsikia redioni. Huyu amelala mvunguni mwangu."

"Mvunguni tu?" mmoja akadakia, na kicheko kikalipuka upya.

"Mvunguni tu, mwenye haya aishie hapo hapo!" Sikudhani naye alikuwa akicheka. Kisha akaacha. "Mtu aliyekula uji wetu langoni na mvua inanyesha hawezi kutuibia. Akituibia, basi hata mimi msiniamini tena."

Wakanyoosha mikono. Mashavu alikuwa wa mwisho, akaunyoosha mkono wake nusu, kama anayeomba ruhusa ya kwenda msalani. Mashine ikapakiwa kwenye lori. Mkongeni wakatoa vinu vya bibi zao vilivyokuwa vikilaliwa na kuku.

*

Heko ni nchi inayozindua kila kitu: vyoo, barabara, semina, hata kisima ambacho bado ni shimo. Imezindua kwa miaka na miaka, na bado hakuna aliyezinduka. Lakini uzinduzi wa Mtambo wa Makofi ulikuwa mama wa zinduzi zote. Uwanja wa taifa ulijaa tangu jioni. Watoto wa shule walipangwa kwa ukubwa wa viganja. Sikudhani alitumiwa gari, akavishwa utepe ulioandikwa MWEKEZAJI WA MFANO, akakalishwa safu ya mbele, karibu na mabalozi.

Mtukufu Rais akavuta kamba, pazia likaanguka. Mtambo ulikuwa mnene kama nyumba, umevikwa mabati na taa za rangi. Profesa akainua mikono yake miwili. Uwanja ukapiga makofi. Mtambo ukakohoa, ukanguruma, taa zikawaka, na moshi mweusi ukapanda juu.

"Msishangae," Profesa akatangaza. "Ule ni moshi wa furaha."

Makofi yakanyamaza. Mtambo ukaendelea kunguruma.

"Na hayo," akasema Profesa bila kuona aibu, "ni makofi ya akiba."

Moshi ulinuka dizeli. Balozi mmoja akaziba pua kwa programu ya sherehe. Kila mtu alinusa na kila mtu alijua dizeli inanukaje, na kila mtu akamtazama jirani yake aone kama jirani naye ananusa. Sikudhani yeye hakuhitaji pua. Bati moja la ubavuni lilikuwa limelegea likaanguka, na ndani yake kulikuwa na mashine iliyopakwa rangi za bendera. Ilipakwa mara moja tu, kwa sababu rangi ya kupaka mara ya pili ilikuwa imeshaliwa. Chini ya kijani ile nyepesi herufi nyekundu zilisomeka vizuri: JASHO LETU.

Alikuwa amepangiwa kutoa neno la shukrani. Akapewa kipaza sauti.

"Hii ni mashine yetu," alisema. "Hii ni mashine ya kusaga ya Mkongeni. Hakuna mtambo hapa. Tumeibiwa!"

Uwanja mzima ukalipuka kwa makofi. Huko Heko kila kinachosemwa kwenye kipaza sauti hupigiwa makofi, na wala hakuna aliyekuwa amesikiliza.

"Tumeibiwa!" akapiga kelele.

Makofi yakazidi. Mtukufu mwenyewe akasimama akapiga, akitabasamu, na mshereheshaji akampokonya Sikudhani kipaza sauti kwa heshima zote akisema hayo ndiyo maneno ya mwekezaji wa kweli.

Kisha dizeli ikaisha. Iliisha katikati ya wimbo wa taifa, watu wakipiga makofi kwa nguvu kuliko mwanzo. Taa zikafifia, zikafa. Viganja viliendelea kulia gizani muda mrefu, kwa sababu kila mtu aliogopa kuwa wa kwanza kuacha.

*

Serikali haikulala. Profesa alipima makofi ya siku ile kwa chombo alichokitoa mfukoni, akatoa taarifa kwamba hayakuwa na imani. "Yalikuwa makofi ya mtu aliyealikwa harusi asiyoijua," alisema. Kwa hiyo ikatungwa Sheria ya Makofi, yenye kifungu kimoja: *Kila raia atapiga makofi asubuhi, mchana na jioni.*

Lakini umeme haukuwapo. Mpiga chapa aliichapa sheria gizani, kidole kikateleza, ikaingia herufi moja pasipo mahali pake. Bunge likaipitisha gizani, Mtukufu akaitia saini gizani. Kulipokucha ikasomeka hivi: *Kila raia atapigwa makofi asubuhi, mchana na jioni.*

Watu wakamwendea Mwanasheria Mkuu wakamwonyesha ile *w*. Akaitazama kwa makini.

"Sheria iliyotiwa saini na Mtukufu haina kosa," alisema. "Anayeweza kuwa na kosa ni raia."

Likaanzishwa Jeshi la Makofi. Na ajabu ya watu wa Heko ni wepesi wao wa kuzoea. Wiki haikuisha, watu walikuwa wakipanga foleni mapema ili wapigwe kabla ya jua kali. Matajiri walituma watumishi wakapigwe kwa niaba yao. Walimu waliwashauri wazazi wawapake watoto mafuta mashavuni. Profesa naye akatangaza kwamba, kisayansi, nishati ni ile ile, uso ukitumika badala ya kiganja cha pili.

*

Mahindi ya Mkongeni yalikauka shambani, yakavunwa, yakaletwa nyumbani. Mashine haikurudi. Wanawake walitwanga alfajiri, walitwanga mchana, viganja vikachubuka na ngozi ikabaki kwenye michi. Watoto walikwenda shule na mahindi ya kuchemsha mfukoni. Sikudhani akafunga kanga yake kiunoni, akaenda Wizarani.

Getini alimkuta mlinzi kijana mwenye sare mpya.

"Shikamoo shangazi. Umepata la asubuhi?"

"Marahaba. La asubuhi la nini?"

"Kofi."

"Sijapata, nilikuwa safarini."

"Uniwie radhi, shangazi. Ni sheria." Akampiga. Lilitua sikio la kushoto.

"Afadhali umechagua hilo, mwanangu," Sikudhani akasema. "Hilo lilishakufa."

Ofisini kwa waziri kulikuwa na baridi ya mapazia mazito na zulia la kuzamisha vidole. Chambuso alisimama, akafungua mikono.

"Dada Sikudhani!"

"Ndugu Chambuso."

"Mheshimiwa," katibu wake akasahihisha kutoka pembeni.

"Mwache," waziri akasema, na katibu akatoka. "Karibu, dada. Chai? Nilikuona siku ile jukwaani. Ulisema kwa uchungu wa kizalendo. Mtukufu amependa. Anataka uwe Balozi wa Makofi."

"Nimefuata mashine."

Chambuso akakaa. "Mashine siwezi. Imetangazwa kuwa Mtambo wa Taifa. Nikiitoa pale nitakuwa nimesema hakuna mtambo."

"Hakuna mtambo."

"Najua."

Alilisema polepole, kama mtu anayekubali kuongezewa sukari. Sikudhani akageuza kichwa, akamwelekezea sikio la kulia, asije akawa amesikia vibaya.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Bungeni. Lile zulia nililitandika mimi." Akatazama dirishani. "Usinitazame hivyo. Nchi nzima inajua. Wewe unadhani Mtukufu hana pua? Watu wanataka kuamini, dada. Nani aliyenifundisha hayo, kama si ninyi langoni, mvua inanyesha, mkiamini tutashinda?"

"Sisi tulishinda."

"Ndiyo. Ndiyo maana nikajua kuamini kuna nguvu."

"Mashine zimejaa nchi hii. Za serikali, za jeshi, za mashirika. Kwa nini yetu?"

Hapo waziri akaona haya kidogo, na hiyo ndiyo haya pekee aliyoionyesha siku ile. "Tulizijaribu zote. Za serikali hazikuwaka hata moja, zimeng'olewa kila kitu, na ile ya Bungeni iliweza glopu moja tu. Yenu ndiyo iliyokuwa imetunzwa."

Sikudhani angeweza kuvumilia kuibiwa kwa sababu ya ujinga, lakini walikuwa wameibiwa kwa sababu ya ile kanga ya kuifunika mashine.

"Kofi la kwanza nilipigwa ili nisikutaje," akasema. "Leo nimepigwa hapo getini kwako, kwa sheria ya wizara yako."

"Ile ni kosa la chapa, litarekebishwa kikao kijacho." Akavua miwani akaifuta kwa leso, akaifuta tena. "Dada, Mungu ni shahidi, siku ile ya askari nilikuwa tayari kufa kwa ajili yenu."

"Ungekufa, Ndugu Chambuso, leo tungekuwa na shujaa, na tungekuwa na mashine."

Akaondoka. Chai ilikuwa haijafika.

*

Ili haki ionekane imetendeka, ikaundwa Tume. Profesa Lumbwi hakuweza kufika mbele yake. Alikuwa amekwenda ng'ambo na hisa za wawekezaji wote, kutibiwa viganja. Mwenyekiti wa Tume, jaji mstaafu ambaye naye alikuwa mwekezaji na hakutaka kuitwa mjinga hadharani, alimwita Sikudhani kizimbani.

"Jina?"

"Sikudhani."

"Hatujafika kwenye ulichodhani. Jina."

"Ndilo jina langu, mheshimiwa. Sikudhani."

Jaji akamgeukia karani. "Andika: shahidi, alipoulizwa, amekiri mara mbili kwamba hakudhani."

Hukumu ya Tume ikajengwa juu ya ungamo hilo. Mvumbuzi hana hatia, kwa kuwa alivumbua. Wizara haina hatia, kwa kuwa iliamini. Wenye makosa ni wawekezaji, walioweka mali zao bila kudhani. Mtambo ukahifadhiwe Makumbusho ya Taifa, nyuma ya kioo, usiguswe. Ukumbi ukapiga makofi, na walioketi karibu na mlango wakapigwa ya mchana.

*

Sikudhani alifika Mkongeni jua likiwa juu. Wanaushirika walikuwa nyuma ya banda tupu, wanatwanga, michi inapanda na kushuka kwa zamu. Walimwona akija peke yake, bila lori nyuma yake. Hakuna aliyeacha kutwanga.

Akawaeleza yote akiwa amesimama. Hakuficha zulia, wala jaji. Alipofika kwenye kanga, kwamba walichaguliwa kwa sababu waliitunza, mwanamke mmoja aliacha mchi ndani ya kinu akaenda kusimama kivulini, akawapa mgongo.

"Chambuso ametusaliti," Sikudhani akasema. "Wallahi sijapata kuona msaliti kama yule. Nimempa sikio langu, naye..."

"Ngoja," akasema Mashavu.

Hakukuwa na mzaha usoni mwake, na kwa kuwa mzaha ulikuwa haujawahi kumtoka, wote wakatulia. Akaegemeza mchi begani.

"Chambuso amekusaliti wewe. Usituchanganye. Mimi Chambuso sikumwamini alipokuwa na shati moja, sikumwamini alipokuja na magari, na hawa wenzangu waulize kama kuna aliyemwamini. Mtu yule alikuwa anatuibia uji pale langoni, mimi nilimwona. Mkono wangu niliunyoosha kwa sababu uliosimama ni wewe."

"Mashavu..."

"Sisi tuliwekeza kwako, mwenyekiti."

Sikudhani aliyajua yote kwa moyo maneno ya langoni, yale ya kusimamisha watu mvuani. Alitafuta uso mmoja wa kumtetea, akaona viganja tu, vimefungwa vitambaa.

Mashavu akautoa mchi begani, akamsukumia.

"Watoto wanatoka shule sasa hivi," alisema. "Twanga."

Akaupokea. Ulikuwa mzito na pa kushikia palikuwa na unyevu wa mikono ya mwenzake. Wanawake wakasogea kidogo, si sana, kiasi cha mtu mmoja kusimama. Akainua, akashusha. Hakuna aliyemwambia kitu, na hakuna aliyeimba.